Fremu ya droni unaiweza kwa vitu vya nyumbani, ila kwanza ijue kazi yake

Asanteni jamani, asanteni sana. Naomba wale wa nyuma msogee mbele kidogo maana kuna vitu nitakuwa naonyesha kwa mikono na ukiwa mbali hutapata kitu.

Nimeombwa niongelee jinsi ya kutengeneza fremu ya droni, hizi za mota nne, kwa vitu vya bei rahisi ambavyo vingine vipo ndani ya nyumba tayari, mbao, mabomba, sidii za zamani, ubao wa kukatia mboga, na najua wengi mmekuja na daftari mnataka vipimo, vipimo vitakuja, ila kabla ya vipimo nataka tukubaliane fremu kazi yake nini hasa. Ukimuuliza mtu atakwambia kazi yake kubeba mota na betri. Sawa, ni kweli, ila hiyo ni nusu ya kazi, na watu wanaoishia kwenye hiyo nusu ndo wanaotengeneza fremu nzuri ya kutazama ambayo haitulii hewani.

Droni ya mota nne haina mkia, haina usukani, haina bawa la kugeuza. Kila inachofanya, kupanda, kushuka, kwenda mbele, kugeuka, inakifanya kwa kubadilisha kasi ya mota tu basi. Mota mbili za kona kwa kona zinazunguka kufuata saa, mbili zilizobaki kinyume chake, ndo maana mwili haujizungushi wenyewe, na ikitaka kugeuza uso inaongeza kasi ya jozi moja inapunguza ya nyingine. Hakuna binadamu anaweza kuyafanya hayo kwa kidole. Anayefanya ni kontrola, ile bodi ndogo ya katikati yenye jairo ndani, yaani kihisio cha kujua mwili unavyogeuka, inasoma mwili umeinama kiasi gani na unainama kwa kasi gani, mara elfu moja kwa sekunde na kuzidi, halafu inaziambia mota zirekebishe.

Sasa hapa ndo pa muhimu. Kontrola ipo katikati, mota zipo mwisho wa mikono, ile miti minne ya fremu inayotoka katikati, na hesabu zote za programu iliyo ndani ya kontrola zinaamini kwamba kontrola na mota ni kipande kimoja, yaani mota ikisukuma mwili unaitikia papo hapo. Mkono ukiwa laini, mota inasukuma, mkono unapinda kwanza, mwili unachelewa kuitikia, kontrola inaona bado haijatosha inaongeza nguvu, mara mkono unarudi na mwili unapitiliza, kontrola inashtuka inapunguza, mkono unapinda upande wa pili, na mnaendelea hivyo hivyo mpaka droni nzima inatetemeka hewani, halafu mwenye droni anakesha kwenye kompyuta anabadilisha namba za programu wakati ugonjwa upo kwenye mbao. Nimewaona wengi sana wanahangaika hivyo na inaniuma, maana dawa yake ni kipande cha mbao kinene kidogo kuliko alichotumia.

Kwa hiyo kazi ya fremu ni kufanya kile kontrola inachokiamini kiwe kweli. Ukilishika hilo, kuchagua material inakuwa rahisi, kila kitu cha nyumbani unakiuliza swali moja, wewe unakataa kupinda na kujisokota kwa kiwango gani, kwa uzito gani.

Na ujue kukataa kupinda na kukataa kuvunjika ni vitu viwili tofauti, watu wanachanganya. Ubao wa plastiki wa kukatia mboga hauvunjiki, utaupiga chini mpaka uchoke, lakini unapinda, so kama mkono wa droni haufai. Niwape mfano wa hesabu, hesabu ndogo. Chukua mti wa paini, mraba wa milimita 10 kwa 10, ubane upande mmoja, acha sentimita 15 zikiwa wazi, halafu mwisho wake uuvute kwa nguvu ya gramu 800, ambayo ndo karibu msukumo wote wa mota moja ya droni ya kawaida. Utapinda kama milimita 1. Na hapo haujafika hata moja ya kumi ya nguvu ya kuuvunja. Sasa punguza unene wake uwe milimita 5 badala ya 10, utapinda karibu milimita 8. Au uache unene ule ule lakini urefu uwe sentimita 30, tena utapinda karibu milimita 8. Unene ukipungua nusu, kupinda mara 8. Urefu ukizidi mara mbili, kupinda mara 8. Hii kanuni ikikaa kichwani hata ukisahau yote mengine ya leo, fremu yako itakuwa nzuri kuliko nyingi zinazouzwa, maana unajua pa kuongeza na pa kupunguza: fupisha mkono mpaka pale propela zinaporuhusu, na unene uweke kwenye kimo cha mkono, juu kwenda chini, sio kwenye upana.

Tuje kwenye mbao sasa. Mimi ni mtu wa mbao na sifichi. Watu wanaona mbao ni kitu cha kuanzia tu, cha kujikimu kabla hujapata pesa ya kununua kabonfaiba, zile nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi, na mimi nasema hapana, tuiheshimu. Ndege ya akina Wright ya 1903 fremu yake ilikuwa mbao za spruce, mti wa jamii ya paini. Waingereza kwenye vita vya pili vya dunia walirusha Mosquito, ndege ya injini mbili, mwili wake plaiwudi na balsa, mbao nyepesi sana, zimegundishwa, na ilikuwa kati ya ndege zenye kasi zaidi enzi zake. Sababu ipo kwenye namba: paini ina uzito wa kama gramu 0.5 kwa sentimita moja ya ujazo, alumini 2.7. Ukichukua fimbo mbili za mraba, moja paini moja alumini iliyojaa ndani, urefu sawa na uzito sawa, ile ya paini inakataa kupinda karibu mara 4 zaidi, kwa sababu kwa uzito ule ule inakuwa nene zaidi, na unene tumeshaona kazi yake. Alumini inaifikia mbao pale tu ikiwa bomba, wazi ndani.

Halafu mbao inameza mtetemo yenyewe, chuma kinaendelea kulia. Na mbao haizuii redio, antena unaiweka popote, wakati kabonfaiba inapitisha umeme, waya uliochubuka ukiigusa ni shoti, na antena ikikaa nyuma yake mawasiliano yanapungua, tena vumbi lake ukikata bila barakoa sio zuri kwa mapafu. Mbao unakata na msumeno wa kawaida, unapiga msasa, umemaliza.

Ila mbao uichague. Angalia nyuzi zake zinakwenda sambamba na urefu wa mkono kutoka mwanzo mpaka mwisho, zisikatize zikatokea pembeni, maana hapo ndo itapasukia. Jicho la mbao, ile duara nyeusi ya tawi, usilipeleke kwenye mkono kabisa. Iwe imekauka. Na ukimaliza ipake vanishi hata mara moja, mbao inayokunywa unyevu inajinyonga taratibu na mota zinaangalia pembeni bila wewe kujua. Mwanzi nao mzuri sana kwa kazi hii, mwepesi na mgumu, tatizo ni duara na haulingani unene, kwa hiyo kufunga mota ikae bapa ni kazi ya subira.

Mabomba ya plastiki ya maji, yale ya PVC, najua mtaniuliza kwa sababu yapo kila mahali na viungo vyake vya msalaba vinavutia. Kwa ujazo ule ule ni mazito karibu mara 3 ya paini, na ugumu wake ni kama theluthi moja tu ya paini. Umbo la bomba linasaidia, siwezi kusema haliruki, linaruka, lakini unalipa kwa dakika za betri. Na wale wanaolainisha kwa moto ili wabonyeze mwisho ukae bapa, fanyeni nje penye hewa, joto la polepole, ikianza kubadilika rangi umeshazidisha, moshi wake una asidi.

Hapo kwenye alumini kuna mtego mmoja ambao lazima niseme. Watu wanachukua reli ya pazia au ule mchirizi wenye umbo la U au L, wanaubonyeza juu chini wanaona haupindi, wanafurahi. Lakini ushike ncha mbili uusokote kama unakamua nguo, utaona unavyotii. Umbo lililo wazi upande mmoja linajisokota kirahisi mno, lililofungwa pande zote, bomba la mraba au la duara, linakataa. Na kwa droni kujisokota ni kubaya kuliko hata kupinda, kwa sababu mkono ukijisokota digrii chache mota inaangalia pembeni, msukumo wake unaanza kuzungusha mwili, kontrola inapambana muda wote kuurudisha kwa kuipa jozi moja ya mota kazi zaidi. Kwa hiyo kabla hujaleta kitu chochote mezani kiwe mkono, kisokote kwanza. Alumini pia ikipinda inabaki imepinda, mara nyingi kidogo tu, kiasi ambacho jicho halioni, wakati mbao ikizidiwa inavunjika unajua imevunjika unaweka nyingine.

Sidii za zamani, zile za muziki, zinafaa kwa sahani za katikati kwenye droni ndogo. Ni polikaboneti, kipenyo milimita 120, unene 1.2, moja ina kama gramu 15. Peke yake inapinda, lakini mbili zikiwekwa juu na chini na mikono ikabanwa katikati, zile mbili zinafanya kazi kama kitu kinene. Toboa polepole kwa keekee kali na uweke kipande cha mbao chini, la sivyo inachanika, na vaa miwani. Plaiwudi ya milimita 3 ni bora zaidi, kama unayo tumia hiyo. Ubao wa mboga tumia kwa miguu ya kutulia chini, na usijaribu kuugundisha, ile plastiki gundi nyingi haziishiki, tumia bolti. Karatasi ngumu ya maboksi iache, unyevu kidogo tu imelegea.

Haya, vipimo sasa. Tuchukue saizi ambayo mwanzilishi ataifurahia, milimita 450, na hii 450 ni kutoka kitovu cha mota moja mpaka mota ya kona ya mbali, kwa mshazari. Propela za inchi 10, ambazo ni milimita 254. Mota mbili jirani zitakuwa na umbali wa 450 gawanya kwa 1.414, unapata 318, toa 254, inabaki milimita 64 kati ya ncha na ncha, inatosha vizuri. Ukitaka ndogo, 250 na propela za inchi 5, hesabu ni hiyo hiyo, inabaki kama 50.

Mikono minne ya paini 10 kwa 10, kila mmoja sentimita 22. Usifanye ule msalaba wa miti miwili mirefu inayochongwa nusu kwa nusu ikalaliana katikati, unapendeza, lakini umepunguza unene nusu mahali penye mzigo mkubwa kuliko pote na mmeshajua maana yake. Mikono minne inayojitegemea, imebanwa kati ya sahani mbili za plaiwudi za sentimita 12 kwa 12, pembe za sahani zikielekea kwenye mota, kila mkono bolti mbili za M3, yaani za kipenyo cha milimita 3, moja karibu na ukingo wa sahani na nyingine ndani kabisa. Sahani mbili zina kama gramu 50, mikono minne kama 45, ongeza bolti na miguu fremu nzima inacheza kwenye gramu 150. Weka mota, spidi kontrola, yaani zile bodi zinazoendesha kasi ya kila mota, betri ya seli tatu, propela na nyaya, utakuwa kwenye gramu 800 mpaka 900. Msukumo wa mota zote kwa pamoja uwe angalau mara mbili ya uzito, kwa hiyo kila mota itoe gramu 450 kwenda juu, na mota za saizi hii zinatoa zaidi ya hapo.

Mota nyingi za namna hii huja na kile kibao chake cha msalaba, kipana kuliko mkono wetu, kwa hiyo gundisha kipande cha plaiwudi mwisho wa mkono kwanza, kibao kikae juu yake kwa upana wote. Angalia skrubu za mota zisiwe ndefu, ikizama ndani ikagusa nyaya za shaba umeua mota. Ukishafunga chukua uzi, pima mota hadi mota, pande nne ziwe sawa na mishazari miwili iwe sawa, yote mawili, maana pande nne zinaweza kuwa sawa na umbo likawa limelala. Halafu weka pima maji juu ya kila mota fremu ikiwa kwenye meza iliyonyooka. Hii ni kazi ya dakika chache, inakuokoa na mambo mengi.

Na betri iwe inasogezeka. Uzito ukae pale mishazari inapokatana, ukiininginiza droni kwa uzi kwenye kitovu ikae bapa, ikiinama sogeza betri, usiongeze vyuma vya kusawazisha.

Kuanguka utaanguka, kila anayerusha anaangusha, kwa hiyo amua wewe mapema nini kivunjike. Bolti ya nje ya kila mkono weka ya nailoni, ya ndani ya chuma, mkono ukigonga ile ya nailoni inakatika, mkono unakunjika kuelekea nyuma, mota imepona, kontrola imepona. Miguu ifunge kwa vile vibanio vya plastiki vya kufungia nyaya, vikatike vyenyewe. Na ukikata mikono minne kata sita, mbili zikae kwenye begi zimeshatobolewa. Hapa ndo raha yote ya fremu ya nyumbani ilipo kwangu, mtu mwenye fremu ya gharama anarusha kwa woga na anayerusha kwa woga anachelewa kujifunza.

Mtetemo. Mota yenye 1000 KV, yaani mizunguko 1000 kwa dakika kwa kila volti moja, kwenye betri ya volti 11.1 bila mzigo inaelekea mizunguko elfu 11 kwa dakika, hiyo ni kama 185 kwa sekunde, ikibeba propela inapungua lakini bado ni nyingi. Propela ikiwa na upande mzito hata kidogo, kila mzunguko ni kofi moja kwa mkono. Jairo na akselerometa, kihisio cha mwendo kilicho kwenye kontrola, zinasikia yale makofi yote. Kwa hiyo propela isawazishe, ipitishe kwenye sindano au msumari laini, upande unaoshuka ni mzito, ongeza kipande cha tepu nyuma ya upande mwepesi mpaka itulie. Kontrola iweke juu ya vipande vinne vidogo vya sponji ya tepu ya kunata pande mbili, kwenye pembe nne, sio godoro, ikiwa laini mno nayo inaanza kucheza peke yake na tumerudi kule kule kwa kontrola isiyo kipande kimoja na mota. Nyaya zisiwe zimekaza zinaivuta.

Haraka haraka mambo mawili ambayo siwezi kuyaacha. Betri za lithiamu, seli moja ikijaa ni volti 4.2, kuihifadhi 3.8, usiishushe chini ya 3.3 ukiwa unarusha, na ikivimba usiitumie tena hata kama inachaji, na usichaji ukalala. Fremu iifunike betri kwa chini au pembeni isiwe ndo kitu cha kwanza kugonga jiwe. La pili ni sheria, nchi nyingi zinahesabu droni uliyoijenga mwenyewe sawa na ya dukani, Marekani kwa mfano ikifika gramu 250 inasajiliwa hata kama ni ya kujifurahisha, na hii yetu ya milimita 450 kwa uzito imeshapita hapo mbali, kwa hiyo ulizia kwa mamlaka ya anga ya nchi yako kabla hujanunua mota, sio baada.

Siku ya kwanza, propela usiweke. Washa, inamisha droni kwa mkono, sikiliza, upande unaoshuka mota zake ndo ziongeze kasi, hakikisha kila mota inazunguka upande wake. Halafu propela, nje, watu nyuma yako mita kadhaa, inyanyue mpaka magotini tu, dakika moja, ishushe. Toa betri, kisha pitisha kidole kwenye kila bolti, mbao mpya inabonyea kidogo chini ya washa, kile kiduara cha chuma kinachokaa chini ya bolti, kwa hiyo baada ya mruko wa kwanza zitakuwa zimelegea, kaza tena. Halafu gusa mota zote nne. Zikiwa na joto sawa rudi hewani. Moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, angalia shafti yake, ule mhimili unaozunguka, na propela yake. Zikiwa mbili za kona kwa kona ndo za moto, jozi nyingine ya baridi, usifungue kompyuta, chukua pima maji urudi mkono kwa mkono, kuna mmoja umejisokota. Maswali?